Louis Braille na Maandishi ya Ncha ya Kidole

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba mwanadamu ana milango mitano ya fahamu, nayo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Macho tunayasifu sana, lakini ngozi huwa tunaisahau, ingawa hufanya kazi mchana na usiku. Mvuvi wa Tanga au wa Pangani aliye baharini usiku wa giza hahitaji taa ili afunge fundo la kamba au atie chambo kwenye ndoana. Vidole vyake vinamtosha. Mama atafutaye sarafu mkobani huijua kwa kuigusa kabla hajaitoa. Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu aliyetumia ncha ya kidole kupimia kitu ambacho watu wengi walidhani ni cha macho peke yake, yaani maandishi.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, kiasi cha kilometa 40 mashariki ya mji wa Paris. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi. Alishona matandiko na hatamu za farasi. Siku hizo farasi ndiye aliyevuta mikokoteni na plau, kwa hiyo fundi kama huyo hakukosa kazi, kama vile washonaji wa shogi za punda wasivyokosa kazi katika miji ya pwani yetu wakati mizigo ilipobebwa na punda. Louis alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto wanne.

Karakana ya baba ilijaa vyombo vyenye makali. Siku moja, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia humo akachukua msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Akaushika kama alivyomwona baba yake akiushika, akajaribu kutoboa kipande cha ngozi. Msharasi uliteleza ukamchoma jichoni. Wakati ule waganga hawakujua kwamba vidonda huharibiwa na vijidudu, wala hawakuwa na dawa za kuviua. Jicho likavimba na kutunga usaha, kisha ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipotimiza miaka mitano, Louis alikuwa haoni kabisa. (Mwanafunzi, kumbuka jambo hili kila uchukuapo bikari au mkasi darasani.)

Katika Ulaya ya siku zile watoto wengi wasioona waliishia kuombaomba njiani. Wazazi wa Louis hawakukubali mwana wao awe hivyo. Baba alimchongea fimbo ya kutembelea. Inasimuliwa pia kwamba alipigilia misumari kwenye ubao kwa kufuata maumbo ya herufi, ili mtoto azijue herufi kwa kuzigusa. Padri wa kijiji, aliyeitwa Jacques Palluy, akamfundisha na kumwombea nafasi katika shule ya kijiji. Louis akakaa darasani pamoja na watoto waonao, akasikiliza, akashika kila kitu kichwani. Lakini mwalimu alipowaambia wanafunzi wafungue vitabu, yeye alikaa kimya mikono ikiwa mapajani.

Mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa na Valentin Haüy, mtu aliyekuwa na macho mazima na moyo wa huruma. Haüy alikuwa wa kwanza kuchapisha vitabu kwa ajili ya wasioona. Alikandamiza karatasi yenye maji juu ya herufi kubwa za chuma, hata herufi zikatokeza upande wa pili kama nundu. Msomaji alipitisha kidole juu yake.

Louis alifurahi kupata kitabu, lakini furaha hiyo haikudumu. Hebu tuchunguze kilichomsumbua, maana hapa ndipo sayansi ya somo letu ilipo.

Herufi tunazoziandika zilibuniwa kwa ajili ya macho. Jicho huitambua herufi B mara moja, kwa sababu huiona yote pamoja. Kidole hakiwezi kufanya hivyo. Lazima kiizunguke, kipande mstari, kishuke, kifuate tumbo la kwanza, kisha la pili, ndipo kijue kwamba hiyo ni B, wala si D wala R. Msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kuusahau mwanzo wake. Ili herufi ziguswe, ilibidi ziwe kubwa, kwa hiyo maneno machache yalijaza ukurasa mzima, na kitabu kimoja kilikuwa kizito mno kwa mtoto. Tena vitabu vyenyewe vilikuwa vichache. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba mwanafunzi hakuweza kuandika. Angeweza kusoma polepole yale yaliyoandikwa na wengine, lakini hakuwa na njia ya kuandika lake mwenyewe na kulisoma kesho yake.

Haüy hakukosea kwa nia mbaya. Alichukua kitu cha macho akakipa nundu, akadhani kimekuwa kitu cha vidole.

Fanya jaribio hili pamoja na mwenzako. Chukua vijiti viwili vya ufagio wa chelewa. Mwenzako afumbe macho. Gusisha ncha za vijiti vyote viwili kwa pamoja kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, zikiwa zimeachana milimita 3, kisha umwulize kama anahisi ncha moja au mbili. Usichome, gusa tu. Rudia jaribio hilo mgongoni mwake. Utaona kwamba kidoleni ataweza kuzitenga ncha mbili zilizokaribiana sana, lakini mgongoni atasema ni ncha moja, mpaka uziachanishe kiasi cha sentimita 4. Sababu ni kwamba katika ncha ya kidole miisho ya neva za kugusa imesongamana, na mgongoni imetawanyika. Sasa weka kidole chako juu ya kitambaa bila kukisogeza, kisha kisogeze polepole. Kidole kinachotembea hupata habari nyingi kuliko kidole kilichotulia.

Basi kidole hutambua upesi nukta, yaani kitone kimoja kilichotokeza, kuliko mstari uliopinda. Mtu wa kwanza kuleta nukta katika shule ile hakuwa Louis. Alikuwa Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa mizinga katika jeshi la Ufaransa. Mwaka 1821 mfumo wake wa maandishi ya nukta uliletwa shuleni. Kila alama ilikuwa na nafasi 12 za nukta, katika safu mbili za nukta sita sita. Wanafunzi walizigusa nukta hizo wakashangaa jinsi zilivyo rahisi kuzihisi. Zaidi ya hayo, mtu aliweza kuziandika mwenyewe kwa kijiti cha chuma chenye ncha, akitoboa karatasi nene iliyowekwa juu ya kibao.

Louis alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini aliona upungufu ambao afisa yule hakuuona. Kwanza, alama zile hazikuwa herufi bali sauti, kwa hiyo mtu hakuweza kujifunza tahajia kwa kuzitumia. Hapakuwa na nukta na mkato wala tarakimu. Pili, na hili ni kubwa zaidi, alama moja ilikuwa ndefu kupita ncha ya kidole. Tufanye hesabu. Katika vitabu vya nukta vya leo, kutoka nukta moja hadi nyingine ni kama milimita 2.5. Nukta sita zikipangwa wima kwa nafasi hiyo, kuna nafasi tano katikati yake, nazo huwa milimita 12.5. Kidole hulazimika kupanda na kushuka ili kiisome alama moja. Nukta tatu zikipangwa wima huwa milimita 5 tu, nazo huenea chini ya ncha ya kidole bila kidole kusogea juu wala chini.

Louis akaipunguza alama kutoka nukta 12 hadi sita. Kusema hivyo ni rahisi, lakini kazi yenyewe ilimchukua takriban miaka mitatu. Alifanya usiku bwenini wenzake walipolala, na wakati wa likizo alifanya nyumbani Coupvray, akiwa na kibao, karatasi na kijiti chake cha chuma. Kijiti hicho hakikutofautiana sana na msharasi uliompofua. Mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kupata alama za alfabeti nzima.

Tazama jinsi alivyozipanga. Nukta sita zimo katika safu mbili. Safu ya kushoto ina nukta ya 1, ya 2 na ya 3, kutoka juu kwenda chini. Safu ya kulia ina nukta ya 4, ya 5 na ya 6. Kila nukta ama ipo ama haipo. Ukizidisha 2 kwa 2 mara sita kwa kufuata nukta zote, utapata 64. Ukiondoa alama tupu isiyo na nukta hata moja, zinabaki alama 63. Hizo zilitosha herufi zote, vituo, tarakimu, na hata muziki. Herufi kumi za mwanzo, kuanzia a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Herufi kumi zifuatazo ni zilezile za kwanza zikiongezewa nukta ya 3. Kwa hiyo anayejua a anaijua k, na anayejua b anaijua l. Herufi za mwisho huongezewa nukta ya 3 na ya 6. Ni w pekee inayokwenda kinyume cha mpango huo, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule karibu hakikuitumia herufi hiyo, ikaja kuongezwa baadaye. Sisi tusemao watu, wali na wimbo kila siku tunaihitaji sana, na mtoto wa Tanga anayejifunza maandishi haya lazima aikariri peke yake.

Mwaka 1829 Louis alichapisha kitabu kilichoeleza mfumo wake. Katika kitabu hicho nukta zilichanganywa na vistari vidogo. Vistari hivyo viliwasumbua wasomaji, naye akaviondoa. Toleo la pili, la mwaka 1837, lilishika nukta peke yake. Hakuona haya kurekebisha kazi yake. Kila alama aliipima kwa vidole vyake mwenyewe na vya wenzake.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu katika shule ileile. Alifundisha historia, hesabu na muziki, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Wanafunzi waliyapenda maandishi ya nukta kwa sababu yaliwawezesha kuandika barua, kunakili masomo na kuweka siri zao. Wakuu wa shule ndio waliosita. Hoja yao ilikuwa kwamba maandishi hayo hayafanani na ya watu waonao, na kwa hiyo yatawatenga wasioona na jamii. Ukweli ni kwamba walimu wengi walikuwa na macho, na walipoutazama ukurasa wa nukta hawakuweza kuusoma. Chombo kilichomrahisishia mwanafunzi kilimletea mwalimu ugumu.

Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Armand Dufau. Huyu aliyapiga marufuku maandishi ya nukta. Vitabu vilichomwa moto na vibao vikachukuliwa. Wanafunzi hawakuacha. Waliandika kwa siri, wakatumia hata sindano za kufumia na misumari. Mkuu msaidizi, Joseph Guadet, aliyaona hayo akashawishika, naye akamshauri mkuu wake abadili uamuzi. Mwaka 1844 shule ilipofungua jengo jipya, maandishi ya Louis yalionyeshwa hadharani mbele ya wageni, na marufuku ikaisha.

Hata hivyo Louis hakuipuuza hoja ya utengano. Mwaka 1839 alikuwa amebuni njia nyingine, ambayo kwayo mtu asiyeona angeweza kupanga nukta nyingi ndogo hadi zifanye umbo la herufi za kawaida. Baadaye Pierre Foucault, naye asiyeona na aliyewahi kusoma katika shule hiyo, aliunda mashine ya kupiga nukta hizo upesi. Kwa mashine hiyo kijana asiyeona aliweza kumwandikia mama yake barua, na mama akaisoma kwa macho.

Jengo la zamani la shule lilikuwa bovu na lenye unyevu, na wengi waliugua humo. Louis alipata kifua kikuu akiwa bado kijana. Dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Alifundisha alipopata nguvu na kupumzika alipozidiwa, mpaka alipofariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Serikali ya Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishiwa Paris kuzikwa pamoja na watu wakuu wa Ufaransa, lakini watu wa Coupvray walibaki na mikono yake, nayo ipo hadi leo katika makaburi ya kijiji.

Kwa Kiswahili maandishi hayo huitwa nukta nundu. Katika mkoa wa Tanga, ukitoka mjini ukapita Korogwe hadi Mombo, kisha ukapanda milima ya Usambara, utafika Lushoto. Karibu na mji huo ipo shule ya msingi ya wasioona ya Irente, iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963. Watoto huko husoma masomo yaleyale unayoyasoma wewe. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa alfabeti ileile ya Kirumi, alama za Louis zilifaa bila kubuniwa upya. Mtoto wa Lushoto aandikapo jina la mkoa wake, karatasi yake huonekana hivi: ⠞⠁⠝⠛⠁.

Anayeandika kwa kibao na kijiti huanza kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu hutokeza upande wa pili wa karatasi. Akimaliza huigeuza karatasi, akasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Tangu mwaka 1951 ipo mashine ya chuma, iitwayo Perkins, yenye vitufe sita vya nukta na kimoja kirefu cha nafasi. Kila kidole hupewa nukta yake, na vitufe hubonyezwa kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyobonyeza sauti kadhaa kwa mara moja. Mwanafunzi hatafuti kitufe, kwa maana vidole havihami mahali pake.

Siku hizi watu wengi wana simu zenye uso wa kioo. Simu hiyo hutambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kidole kigusapo kioo hubadili umeme mdogo uliomo. Macho huifurahia simu hiyo. Kidole chenyewe hakiambiwi kitu, kwani kioo ni laini kila mahali. Simu ya vitufe, ile tuiitayo kitochi, ilikuwa na adabu zaidi: papasa kitufe cha 5 na mara nyingi utakuta kinundu kidogo, ambacho humjulisha mtu mahali vidole vyake vilipo bila kutazama. Ili wasioona nao watumie simu za kioo, ilibidi ziwekewe sauti inayotaja kila kitu kidole kinachokipitia. Kisha watengenezaji wakarudi kwa Louis. Tangu mwaka 2014 katika simu za Apple, na tangu mwaka 2020 katika simu za Android, mtu anaweza kuweka vidole sita juu ya kioo na kuandika kwa nukta, upesi sana, bila kutafuta herufi hata moja.

Wewe pia unaweza kujaribu juu ya dawati lako. Weka vidole vitatu vya mkono wa kushoto: cha shahada ni nukta ya 1, cha kati ni ya 2, cha pete ni ya 3. Katika mkono wa kulia, cha shahada ni ya 4, cha kati ni ya 5, cha pete ni ya 6. Kwa T, gonga kwa pamoja 2, 3, 4 na 5. Kwa A, gonga 1 peke yake. Kwa N, gonga 1, 3, 4 na 5. Kwa G, gonga 1, 2, 4 na 5. Malizia na A. Sasa fumba macho urudie.